Bushi za mbele za pikapu ya zamani: namna ya kuzibadilisha zikadumu

Bushi mpya ya mkono wa chini (mkono ni chuma kinacholiunganisha gurudumu na chesisi) ikichanika ndani ya miezi miwili, lawama huenda dukani. Mara nyingine duka lina kosa kweli. Lakini mara nyingi bushi ile ilianza kufa siku ileile ilipofungwa, pale nati ya mwisho ilipokazwa gari likiwa juu ya jeki na mguu unaning'inia. Hapa tunaeleza kazi yote, tangu kukagua hadi alaimenti. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: nati za bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekanyaga chini kwa matairi yake.

Pikapu tunazozungumzia ni zile zenye mikono miwili kila upande mbele, wa juu na wa chini, ambayo mafundi huiita apa amu na loa amu, na torsheni baa, fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya springi, ndiyo inayobeba uzito. Humo zimo Hilux nyingi za kabla ya 2005, Nissan Hardbody, L200 na Isuzu za rika hilo. Land Cruiser HZJ75 na Hilux LN106 hazimo. Hizo mbele zina ekseli nzima na springi za majani, bushi zake ziko kwenye masikio ya springi, na kazi yake ni nyepesi kuliko hii.

Bushi inavyofanya kazi

Bushi ya mkono ni vitu vitatu vilivyoungana: bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na katikati mpira ulioganda kwenye mabomba yote mawili. Bomba la ndani hubanwa na boliti kwenye chesisi, halisogei. Bomba la nje limeshindiliwa ndani ya jicho la mkono, linakwenda na mkono. Gurudumu likipanda jiwe, mkono huinuka, mpira hujinyonga kati ya mabomba hayo, kisha hurudi. Hakuna mahali panapoteleza, na ndiyo maana bushi ya namna hii haipakwi grisi.

Chukua kitambaa kibichi ukikamue nusu mzunguko, kisha mpe mwenzako aendelee kukikamua kuelekea hukohuko. Kitafika mwisho upesi. Ndivyo unavyoufanyia mpira ukikaza nati mguu ukiwa unaning'inia. Ukishusha gari, mkono unapanda hadi mahali pake pa kawaida na mpira tayari umeshakamuliwa kabla safari haijaanza. Shimo la kwanza linamalizia kilichobaki. Hata urefu wa gari unadanganya: mbele husimama juu kidogo kwa sababu mpira uliojinyonga unausukuma mkono chini, na mpira ukishachanika gari linashuka.

Barabara za nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zina namna zake za kuua bushi. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, kila ukikanyaga breki gurudumu hurudi nyuma na chesisi huenda mbele, na kinachozuia visiachane ni bushi za mkono wa chini. Njia za udongo za kwenda Makete na vijiji vya Rungwe huacha makorongo ambayo tairi hushuka kwa upande mmoja. Magunia ya lumbesa yanajulikana. Mwuaji wa nne hatajwi sana: oili. Injini ya dizeli inayovuja hulowesha bushi za upande mmoja, mpira unavimba na kulainika, na unaweza kuuchimba kwa ukucha. Ukikuta hali hiyo, ziba uvujaji kwanza. Bushi mpya chini ya injini inayovuja ni fedha iliyotupwa.

Kukagua kabla ya kununua

Osha gari, hasa wakati wa masika. Tope lililokauka huziba nyufa zote na kila bushi huonekana nzima.

Dalili barabarani ni hizi. Ukikanyaga breki kwa mwendo mdogo unasikia mgoto mmoja mzito, "ngo", kisha kimya. Ukirudi nyuma na kukanyaga tena, unausikia upya. Usukani unahitaji kurekebishwa kila mara barabarani hata pakiwa pamenyooka. Tairi la mbele linalika upande mmoja. Umefanya alaimenti na baada ya wiki tatu gari linavuta tena. Mlio wa mpira peke yake usikusumbue: asubuhi za Juni na Julai Njombe au Makete mpira unakuwa mgumu kwa baridi na hulia, jua likipanda unanyamaza.

Sasa inua mbele, weka stendi chini ya chesisi, ingiza mtaimbo kati ya mkono na chesisi karibu na bushi, kisha usukume taratibu mbele na nyuma. Bushi nzima husogea kidogo sana na kurudi yenyewe. Bushi iliyokufa husogea kwa ghafla, unaona chuma kinakutana na chuma, au unaona bomba la ndani halipo tena katikati ya duara. Mpira uliotokeza nje kama ulimi nao ni jibu tosha. Nyufa ndogo za juujuu, nyembamba kama za ngozi ya kisigino, si kosa. Ni uzee tu.

Usiichanganye bushi na boljointi, fundo linalouunganisha mkono na gurudumu, wala beringi ya gurudumu. Shika tairi juu na chini utikise, huku mwenzako akiangalia kwa ndani. Ikiwa fundo la boljointi linacheza, tatizo liko hapo. Ikiwa habu (kitovu cha gurudumu) inacheza lakini fundo limetulia, kaza au badilisha beringi. Shika tena kushoto na kulia: hapo unapima tairodi, fimbo ya usukani. Boljointi ikionesha uchakavu, ibadilishe kwenye kazi hii hii, kwa sababu tayari utakuwa umeifungua.

Vipuri na vifaa

Hesabu bushi za gari lako ukiwa umelala chini yake, usikubali kuhesabiwa dukani. Mkono wa juu una bushi 2, kwa hiyo 4 kwa gari zima. Mkono wa chini wenye miguu miwili una 2, gari zima 4. Lakini pikapu nyingi za kuvuta nyuma tu zina mkono wa chini wa mguu mmoja wenye bushi 1, pamoja na fimbo ndefu, tensheni rodi, inayotoka kwenye mkono hadi mbele ya chesisi. Fimbo hiyo ina mipira 2 kila upande, mmoja mbele ya bati na mmoja nyuma yake. Kwa hiyo jumla ni 8 au 10 kutegemea gari. Ongeza mipira 2 ya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande) kwenye chesisi, mipira ya linki zake, na ile ya juu ya shokapu. Ni ya bei ndogo na itakuwa wazi mbele yako.

Nunua kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Upande mmoja mgumu na mwingine laini hulifanya gari livute kila ukikanyaga breki.

Dukani, iwe SIDO Mwanjelwa, Mbeya, au kwa muuzaji mwingine yeyote, nenda na bushi ya zamani au vipimo vyake vilivyochukuliwa kwa venia, kifaa cha kupimia vipenyo: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu la ndani, na urefu wa bomba la ndani. Vyote vitatu. Bomba la ndani likiwa fupi kwa milimita 2, boliti itakunja masikio ya chesisi badala ya kulibana, na bushi itazunguka juu ya boliti. Angalia miisho ya bomba la ndani: bushi nzuri ina meno madogo ya kung'ata chesisi. Sukuma bomba hilo kwa dole gumba. Likisogea kwa dole gumba tu, mpira huo ni laini mno kwa pikapu ya mzigo. Tazama pia mahali mpira unapokutana na chuma. Pakiwa na mwanya unaopitisha ukucha, mpira haukuganda, rudisha.

Kuna bushi za poliuretani, mara nyingi za rangi nyekundu, njano au buluu. Hizo hazijinyongi, huteleza juu ya bomba lake, hivyo zinahitaji grisi ya silikoni wakati wa kufunga na tena kila zinapoanza kulia. Zinavumilia oili na mzigo, ila kila jiwe unalisikia mikononi. Kwa gari la shamba linalokaa kwenye vumbi, sisi tunapendelea mpira. Vumbi likiingia kwenye poliuretani hugeuka msasa.

Na zile za kuchonga kutoka kwenye tairi kuukuu? Kwenye stabilaiza au tensheni rodi zitakufikisha nyumbani, hata zitavumilia wiki kadhaa. Kwenye jicho la mkono wa chini hapana. Kipande cha tairi hakikuganda na chuma, kwa hiyo kinazunguka, kinasaga jicho, na baadaye hata bushi halisi haikai tena. Jicho limepanuka na mkono mzima ni wa kutupa.

Vifaa: jeki ya tani 2 au zaidi, stendi 2 za chuma, spana na soketi za 12 hadi 24, nyundo mbili (moja ya kilo 2), tindo, mtaimbo, msumeno wa chuma, tupa, msasa namba 120, brashi ya waya, dawa ya kutu, rangi ya kuwekea alama, rula ya chuma, kotapini (pini za kuzuia nati isifunguke) mpya 4 au zaidi. Kwa kutoa bushi utahitaji presi, au boliti ndefu na vipande vya bomba kama tutakavyoeleza. Tenga siku mbili kama ndiyo mara yako ya kwanza. Nyunyiza dawa ya kutu kwenye boliti zote jioni ya kuamkia kazi, na tena asubuhi.

Kufungua

Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Kabla ya kulegeza chochote, pima kwa futi urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa tao la bodi, kushoto na kulia, uandike. Kisha ingia chini na upime kwa rula ni milimita ngapi za boliti ya kurekebishia torsheni zimejitokeza nje ya nati yake, kila upande peke yake. Tarakimu hizo nne ndizo zitakazokurudishia gari lako. Ziandike kwenye karatasi, si kwenye vumbi la kioo.

Weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, legeza nati za matairi, inua, weka stendi za chuma chini ya chesisi. Matofali ya kuchoma yamejaa kila mahali huku kwetu na yanavutia kama stendi. Usiyatumie kamwe. Tofali hubeba vizuri likiwa ukutani, lakini chini ya ncha ya chuma hupasuka ghafla bila kutoa onyo, nawe utakuwa chini yake. Ardhi ikiwa laini, tandika ubao mnene chini ya jeki na stendi.

Fuata torsheni baa kwa mkono kutoka nyuma hadi mbele ujue imeshika mkono upi, wa juu au wa chini. Hilo hutofautiana hata kwa gari la jina moja. Mkono ulioshikwa na torsheni una nguvu nyingi iliyofungiwa, na boljointi yake haifunguliwi kabla torsheni haijalegea. Piga mstari wa rangi unaovuka torsheni baa na kishikio chake, mbele na nyuma, kwa sababu ina meno na ukikosea jino moja gari litasimama limeinama. Legeza lokinati, kisha nati ya kurekebishia, hatua kwa hatua, mguu ukiwa unaning'inia, mpaka kishikio cha nyuma kinatikisika kwa mkono. Usikae usawa wa boliti hiyo. Ukichomoa torsheni, andika kushoto na kulia. Hazibadilishani nafasi, maana kila moja imetengenezwa kujinyonga upande wake.

Ondoa gurudumu, boliti ya chini ya shokapu na linki ya stabilaiza. Kalipa ya breki ifunguliwe na kufungwa kwa waya kwenye chesisi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki. Kwenye tensheni rodi, pima nyuzi zinazojitokeza mbele ya nati, kwa sababu urefu wa fimbo hiyo ndio unaoliweka gurudumu mbele au nyuma.

Boljointi hutoka bila kuharibika ukijua pa kupiga. Chomoa kotapini, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi tatu. Kisha piga ubavu wa jicho la chuma lililoshika pini, si pini yenyewe, nyundo moja ikiwa imeegemezwa upande wa pili kama fuawe. Mapigo mawili matatu makavu, na jicho linaiachia pini kwa mlio. Ile uma ya kutenganishia huchana kava la vumbi, kwa hiyo itumie tu kama boljointi inatupwa.

Kabla ya kuondoa mkono wa juu, angalia vibati vyembamba, shimu, kati ya ekseli ya mkono na chesisi. Idadi yake chini ya kila boliti ndiyo inayoweka ulalo wa gurudumu. Vifunge kwa waya kila kundi peke yake: kushoto mbele, kushoto nyuma, na kadhalika. Kwenye mikono ya chini yenye boliti za kamu, zile zenye wosha ambayo tundu lake haliko katikati, piga alama ya tindo inayovuka wosha na chesisi.

Boliti iliyoshikwa na kutu ndani ya bomba la bushi ndiyo inayokula muda mrefu. Zungusha nati, dawa, subiri, rudi nyuma robo, dawa tena. Ikiwa boliti inazunguka pamoja na bomba la ndani na mpira unajinyonga tu, acha kupigana nayo. Kata boliti kwa msumeno pande zote mbili kati ya bushi na sikio la chesisi. Boliti mpya iwe ya ugumu uleule, soma namba kichwani: 8.8 isiwekwe palipokuwa na 10.9. Boliti laini ya duka la vifaa vya ujenzi isiwekwe hapo kabisa.

Kutoa bushi ya zamani

Ukipata presi, hata ya karakana ya jirani, kazi ni ya dakika kumi kwa bushi. Bila presi, tafuta boliti ngumu yenye unene wa milimita 12 au 14 na urefu wa sentimita 20 hivi, paka nyuzi zake grisi. Upande mmoja weka soketi yenye kipenyo pungufu kidogo ya bomba la nje la bushi. Upande wa pili weka kipande cha bomba chenye tundu linalopitisha bushi nzima. Kaza nati na bushi itavutwa kuingia ndani ya kipande hicho. Mkono wenye masikio mawili yanayotazamana ujazwe kipande cha bomba kati ya masikio, la sivyo yatajikunja kabla bushi haijasogea.

Ikigoma, toboa mpira kuzunguka bomba la ndani kwa keekee hadi bomba litoke. Sasa limebaki bomba la nje, jembamba, limeshikamana na jicho. Hapa ndipo wengi hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza hudhani bomba hilo ni sehemu ya mkono, hushindilia bushi mpya ndani yake, ikigoma husema ni kubwa. Angalia ukingo kwa makini: utaona duara mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Wa pili hukata kwa haraka na kujeruhi jicho. Njia salama ni kupitisha wembe wa msumeno ndani ya bomba, kata taratibu kwa urefu, na simama unapoona rangi ya chuma inabadilika au mstari wa kutu kati ya vyuma viwili. Si lazima ukate hadi mwisho. Ingiza tindo nyembamba kwenye mkato, bomba litajikunja kwa ndani na kutoka.

Kuchoma mpira kwa gesi ni mtindo uliozoeleka, nasi hatuupendi. Moshi wake ni sumu, boljointi iliyo jirani huiva, na mkono uliopashwa hadi mwekundu hupoteza ugumu wake. Mkono huo ndio unaolizuia gurudumu lisitoke ukiwa mteremkoni.

Kuingiza mpya

Safisha jicho kwa msasa mpaka king'ae, ondoa kila chembe ya kutu, na laini ukingo wa kuingilia kwa tupa. Bushi zikilala usiku mmoja kwenye friza ya muuza soda, husinyaa kidogo na kuingia kwa urahisi zaidi. Si lazima, lakini inasaidia. Pangusa nje ya bomba kwa oili kidogo sana. Mpira mtupu usio na bomba la nje huingizwa kwa maji ya sabuni, si grisi wala oili.

Kabla ya kusukuma, tazama kama bushi ina mshale, alama au matundu kwenye mpira. Matundu hayo yamewekwa makusudi ili mpira uwe laini upande mmoja, na yakikaa upande mwingine bushi haitadumu. Ikiwa huna kitabu cha gari, chora alama ya mkao wa bushi ya zamani kabla ya kuitoa. Mpya ikae hivyohivyo.

Sukuma bomba la nje pekee. Soketi au bomba lako likigusa mpira au bomba la ndani, unaung'oa mpira kwenye chuma kabla haujafanya kazi hata siku moja. Robo ya kwanza ndiyo ya hatari: ikianza kuingia upande, simama, itoe, anza upya. Ikikaa, pima miisho yote miwili. Bushi isiyo na ukingo iwe imetokeza sawasawa kama ya zamani.

Bushi ikiingia kwa kusukumwa na mkono, jicho limekwisha. Kuna wanaoweka gamu au kupiga alama za tindo ndani ya jicho ili ibane. Vyote viwili hulegea. Badilisha mkono.

Kurudisha na kukaza

Rudisha mikono, shimu zilivyokuwa, kamu kwenye alama zake. Boliti zote za bushi ziingie na nati zizungushwe mpaka ziguse tu. Usikaze. Pini ya boljointi ifutwe iwe kavu kabisa. Grisi kwenye pini hufanya ivutwe ndani kupita kiasi. Nati yake kaza kwa kipimo kamili, na tundu la kotapini lisipokutana na mfereji wa nati, ongeza kukaza hadi likutane. Usirudi nyuma hata kidogo. Kotapini ya zamani haitumiki mara ya pili.

Rudisha torsheni kwa alama za rangi, kaza boliti yake hadi milimita zilezile ulizoandika. Funga shokapu, stabilaiza na gurudumu, shusha gari.

Sasa lisukume mbele na nyuma mita chache, kanyagia bampa mara tano au sita ili miguu itulie. Pima tena habu hadi tao. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi milimita 10, rekebisha torsheni kidogokidogo: inua, zungusha, shusha, sukuma, pima. Urefu ukishakaa, ndipo uingie chini kukaza nati za bushi. Gereji yenye shimo hufanya hili kuwa rahisi. Usipokuwa na shimo, panda matairi yote manne juu ya mbao nene za kimo kimoja. Zuia kichwa cha boliti na kaza nati, si kinyume chake, ili meno ya bomba la ndani yasijisage kwenye chesisi.

Kipimo cha kila nati kiko kwenye kitabu cha gari. Huna tokirenchi? Tumia mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia. Ivute kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 50, ukiivuta kwa pembe ya mraba na spana: kilo 30 zinatoa karibu Nm 150, kilo 20 karibu Nm 100. Ni bora mara nyingi kuliko kukisia kwa bega.

Tensheni rodi iwe na nyuzi zilezile ulizopima. Wosha zake zenye umbo la sahani hutazama upande mmoja maalumu, kwa kawaida ubonde ukiwa upande wa mpira. Mpira wake ukikazwa hadi ukafura kama andazi, umezidisha.

Baada ya kazi

Nenda alaimenti kabla ya safari ndefu, hata kama kila alama ilirudi mahali pake. Ukiwa mbali na mji, pima kwa kamba walau nafasi ya matairi mbele na nyuma yake, usawa wa habu. Kwa pikapu nyingi za aina hii upana wa mbele huwa pungufu kwa milimita 1 hadi 3. Hiyo itakufikisha mjini tairi likiwa zima.

Jaribio la kwanza la breki lifanyike tambarare na bila mzigo, kwa mwendo mdogo, si kwenye mteremko wa Mbalizi. Ule mgoto wa "ngo" ukiwa bado upo, angalia linki za stabilaiza, mipira ya juu ya shokapu na boliti za kiti cha gia boksi kabla hujaishuku bushi mpya. Gari likivuta upande mmoja tu unapokanyaga breki, rudi kwenye tensheni rodi. Likivuta muda wote, ni shimu au kamu.

Piga mstari mmoja wa rangi unaovuka kila nati na chesisi. Baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500, ingia chini na tochi. Mstari ambao bado umenyooka, acha nati yake. Uliokatika, kaza tena, gari likiwa chini kwa matairi yake.